Fedha za Miezi Mitatu

Septemba 1993, Hospitali ya Nsambya mjini Kampala iliwaazima watu watatu nyumba ndogo yenye vyumba viwili vya kulala. Kiongozi wao alikuwa daktari wa miaka 58, Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool, aliyewahi kuwa mtawa na kufanya kazi Nigeria kabla ya kuacha utawa na kuendelea na udaktari. Mkononi walikuwa na fedha za kuendesha kazi kwa miezi mitatu. Mwezi wa nne haukuwa na bajeti.

Kazi yenyewe haikuhitaji maelezo mengi. Kampala ya wakati ule ilikuwa imejaa watu waliokuwa wakifa kwa UKIMWI na saratani, wengi wao nyumbani, wengi wao katika maumivu ambayo majirani waliyasikia usiku kucha. Timu ile iliwafuata huko huko majumbani ikiwa na mofini ya maji. Unga wa mofini huchanganywa na maji safi, hutiwa kihifadhi ili dawa isiharibike, na rangi ili mtu asikosee. Ya kijani ni nyepesi, miligramu 5 katika kijiko cha chai. Ya waridi ni miligramu 50. Ya bluu ni 100. Vifungashio vilikuwa chupa za plastiki za maji ya kunywa, zilizotumika na kuoshwa. Utaratibu huo Merriman alitoka nao Singapore, alikofanya kazi miaka ya 1980, na uzuri wake ni kwamba hauhitaji kiwanda. Meza, mizani, sufuria na mfamasia makini vinatosha. Bibi asiyejua kusoma anajua kijani.

Nimeanza na Kampala ingawa si mwanzo wa habari hii, kwa sababu ya ile miezi mitatu. Ukisoma historia ya hospitali zetu, utakuta majengo yana tarehe za kufunguliwa na majina ya waliokata utepe, lakini ni nadra kukuta mtu ameandika huduma ilianza na fedha za siku ngapi. Hapa tunajua. Na kwa maoni yangu, historia yote ya tiba hii Afrika Mashariki ni historia ya kutafuta mwezi wa nne.

Kwa Kiswahili tunaiita tiba shufaa, na kwa mara moja naona tumepata neno bora kuliko la Kiingereza. La Kiingereza linatokana na Kilatini, pallium, joho, yaani kufunika. Shufaa, kwa aliyekaa madrasa hata mwaka mmoja, ni uombezi: mwenye cheo kusimama mbele ya mwenye uwezo na kumsemea asiye na sauti. Maumivu ya mgonjwa yanaweza kufunikwa kwa kijiko cha dawa ya kijani. Ili kijiko kimfikie, lazima kwanza mtu asimame mbele ya wizara, mbele ya bodi ya hospitali, mbele ya mfadhili aliye mbali, akamsemee.

Mwombezi wa kwanza anayetajwa siku zote ni Cicely Saunders wa London. Alianza kama muuguzi, akawa ofisa wa ustawi wa jamii wa hospitali, kisha akarudi shule na kufuzu udaktari mwaka 1957, akiwa na miaka 38, kwa kuwa aliambiwa madaktari hawatamsikiliza mtu asiye daktari. Mwaka 1948 alimuuguza David Tasma, mkimbizi Myahudi kutoka Poland aliyekuwa akifa kwa saratani bila ndugu. Tasma alimwachia pauni 500 na maneno kwamba atakuwa dirisha katika nyumba yake. Nyumba hiyo, St Christopher's, ilifunguliwa mwaka 1967. Miaka 19 kutoka dirisha hadi nyumba.

Kisa hicho kimesimuliwa mara nyingi, na kinastahili. Lakini wasimuliaji huruka jambo moja. Mwaka ule ule wa 1948, mwezi Julai, Uingereza ilianzisha mfumo wake wa afya kwa wote. Mgonjwa aliyefika kwa Saunders alikuwa tayari amepimwa, amepasuliwa na kulazwa bila kulipa. Hospisi ingeweza kuishi kwa sadaka na maduka ya mitumba kwa sababu kazi kubwa ya gharama ilikuwa imeshafanywa na serikali. Sadaka ilijengwa juu ya kodi. Mwaka 1975 daktari wa Kanada, Balfour Mount, aliichukua huduma hiyo na kuiingiza ndani ya hospitali kubwa ya Montreal, Royal Victoria. Aliipa jina lingine kwa kuwa kwa wasemaji wa Kifaransa wa mji huo, neno hospisi lilinuka nyumba ya maskini. Tangu hapo kuna njia mbili: nyumba ya peke yake, au chumba ndani ya hospitali. Tofauti hiyo inaweza kuonekana ya majengo. Kwa hakika ni ya hundi, nani anaisaini na inatoka katika akaunti gani.

Barani Afrika nyumba ya kwanza ilikuwa Island Hospice ya Harare, mwaka 1979. Afrika Mashariki ikafuata mwaka 1990, Nairobi Hospice ilipoanza kupokea wagonjwa jirani na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Merriman alikuja hapo kuwa daktari mkuu. Tazama tarehe. Desemba 1989, serikali ya Kenya ilikuwa imeanzisha uchangiaji wa gharama katika hospitali za umma, kwa shinikizo la wakopeshaji. Kwa hiyo hospisi ya Kiingereza iliwasili Nairobi wakati hasa nguzo iliyoishikilia kule kwao ilipokuwa ikitolewa hapa. Mgonjwa wa saratani ya shingo ya kizazi aliyefika hospisi alikuwa amekwisha kuuza mbuzi kwa ajili ya kipimo na shamba kwa ajili ya mionzi, na mara nyingi ameshindwa kuimaliza.

Hospisi nyingine zikazaliwa: Nyeri, Eldoret, Meru, Mombasa, Kisumu. Nyingi ziliwekwa katika viwanja vya hospitali za serikali, zikiwa na kamati zake, akaunti yake, matembezi ya hisani yake, chakula cha jioni cha kuchangisha fedha chake. Ziko ndani ya ua wa hospitali na nje ya bajeti yake. Watu waliozianzisha walifanya kazi ya kuheshimika kupita kiasi, na siandiki haya kuwadharau. Lakini mpangilio ule uliwapa wakuu wa hospitali kisingizio kizuri: maumivu yana watu wake, wako pale nyuma ya maabara.

Uganda ilikwenda njia tofauti, na sababu si kwamba Waganda ni wema kuliko Wakenya. Sababu ni sharti. Kabla ya kuanza, Merriman alitembelea nchi kadhaa akitafuta moja ambayo serikali yake ingekubali kuagiza unga wa mofini. Uganda ilikubali. Jambo hilo linaonekana dogo hadi ukumbuke kwamba mofini ni dawa inayosimamiwa na mkataba wa kimataifa wa mwaka 1961, na kila nchi hutuma makadirio yake ya mwaka kwa bodi iliyoko Vienna. Nchi haiwezi kuagiza zaidi ya makadirio hayo. Mkataba huo huo, katika utangulizi wake, unasema matumizi ya dawa hizi kwa kutuliza maumivu hayana mbadala na kwamba zipatikane kwa ajili hiyo. Maofisa wetu wa dawa za kulevya walisoma sana kurasa zilizofuata, zile za kufuli, madaftari na adhabu. Utangulizi waliuruka, kama tunavyoruka sote.

Miezi mitatu ikapita, fedha zikapatikana za miezi mingine, kisha mingine. Mwaka 1998 matawi mawili yakafunguliwa, Mbarara upande wa magharibi na Hoima vijijini. Halafu yakaja mambo matatu ambayo, nikipima, yana uzito kuliko jengo lolote. Kwanza, mpango wa taifa wa sekta ya afya ulioanza mwaka 2000 uliitaja tiba shufaa kuwa sehemu ya huduma za msingi. Pili, Machi 2001 serikali ilifuta ada katika vituo vya afya vya umma, na mofini ikawa ya bure kwa mgonjwa. Tatu, mwaka 2004 kanuni zilibadilishwa ili wauguzi na maofisa tabibu waliosoma kozi maalumu ya miezi tisa waruhusiwe kuandika mofini.

Hili la tatu nataka kulikalia kidogo. Katika hospitali ya wilaya, daktari ni mmoja au wawili, na siku nyingi yuko chumba cha upasuaji, au semina, au ameshahama. Mofini hutolewa kila baada ya saa nne, na dozi huongezwa kadiri maumivu yanavyopanda. Mgonjwa wa kijijini akisubiri daktari aje apandishe dozi, atasubiri hadi mazishi. Anayemjua ni muuguzi. Muuguzi ndiye anayefika nyumbani, anayeona choo kimekuwa kigumu, maana mofini hufunga tumbo na mtu asipopewa dawa ya kulainisha ataikataa mofini yenyewe. Kule Uganda walitumia hata mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa. Kumpa muuguzi kalamu kulikuwa na gharama ya mafunzo na karatasi za gazeti la serikali. Wafamasia na madaktari wa nchi nyingi walitabiri kwamba dawa itavuja mitaani. Imekuwa miaka zaidi ya 20, na mofini ya maji ya kijani haikuwa tatizo la mitaa ya Kampala. Mlevi gani atahangaika na dawa chungu ya miligramu 5 kwa kijiko, wakati waragi iko kila kona?

Takriban mwaka 2010 Uganda ikapiga hatua nyingine: serikali inanunua unga, shirika lile lile la Merriman, Hospice Africa Uganda, linachanganya dawa kwa ajili ya nchi nzima, na bohari za dawa zinaisambaza hospitalini pamoja na panadol na dawa za malaria. Mezani kwa mfamasia wa hospitali ya wilaya, mofini ikawa bidhaa ya kuagizwa katika fomu. Ninaposema huduma imeingia hospitalini, namaanisha fomu hiyo.

Sasa tuvuke mpaka, kwa sababu kwetu Tanzania habari iliingia kwa mlango mwingine, na mlango huo ulikuwa wa UKIMWI.

Mwaka 2003 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya mpango mkubwa wa rais wao wa kupambana na UKIMWI, na ndani ya sheria hiyo fedha ziligawanywa kwa asilimia: 55 kwa matibabu, 20 kwa kinga, 10 kwa yatima, na 15 kwa tiba shufaa. Asilimia 15 ya mabilioni. Haijawahi kutokea kabla wala baada, kwamba tiba ya watu wasiotarajiwa kupona itengewe fungu la namna hiyo katika sheria ya nchi yoyote. Kila aliyekuwa na wazo la hospisi aliharakisha kuandika mradi. Mwaka uliofuata, mwaka 2004, chama cha tiba shufaa cha bara zima kilizinduliwa Arusha, na makao yake yakawekwa Kampala.

Arusha haikuwa bahati tu. Hospitali ya Kilutheri ya Selian, pale Ngaramtoni, ilikuwa imeanza huduma ya hospisi mwaka 1999, na Muheza mkoani Tanga kulikuwa na wenzao katika hospitali teule. Neno hilo, teule, wasomaji wa nje ya Tanzania hawana budi kulielewa: wilaya isiyo na hospitali ya serikali huiteua ya kanisa, serikali inalipa mishahara, kanisa linamiliki paa. Huo ni mfumo wetu wa zamani wa kugawana hundi, na nadhani ndio uliofanya hospitali za kanisa ziwe jasiri wa kuanzisha mambo. Zimezoea kuishi na nusu ya fedha.

Kuanzia mwaka 2006 hospitali 13 za KKKT ziliingizwa katika mradi mmoja uliofadhiliwa na Wamarekani. Muundo ulikuwa ule ule kila mahali: muuguzi, daktari au ofisa tabibu, mchungaji wa hospitali, na nyuma yao kundi la wanaojitolea kutoka sharika za vijijini, watu wanaojua nyumba ipi ina mgonjwa bila kuuliza. Gari lilitoka, pikipiki ikatoka, chakula kikatoka, sare za shule za watoto wa marehemu zikatoka. Kitu kimoja hakikutoka kwa urahisi. Mofini. Kwa miaka mingi chanzo cha mofini ya maji nchini kilikuwa Ocean Road, taasisi ya saratani iliyoko katika majengo ya Mjerumani ufukweni Dar es Salaam, na kutoka Arusha hadi huko ni zaidi ya kilomita 600 za barabara, na karatasi juu yake. Mwaka 2014 watu waliofanya kazi na hospitali zile walichapisha makala katika jarida la utabibu na kuiita, kwa tafsiri yangu, mahali pasipo na mofini. Aliyekulia nyumba yenye kile kitabu cha jalada lililochakaa, Mahali Pasipo na Daktari, ataelewa kejeli yake. Daktari sasa yupo. Gari lipo. Dawa haipo.

Nilimwona mtu mahali hapo. Shangazi yangu alikuwa na saratani ya titi iliyogunduliwa ikiwa imekwenda mbali. Hospitali ya wilaya iliyomhudumia, nisiyoitaja, ilimruhusu kwa maneno ambayo familia nyingi zinayajua kwa moyo: mpelekeni nyumbani, mkamuuguze. Tulipewa diklofenaki na panadol. Wauguzi wale hawakuwa wakatili, mmoja alilia. Hawakuwa na kitu kabatini, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba wanaweza kukiomba. Miezi miwili ya mwisho shangazi alilala ameketi, amejiegemeza kwa mito, kwa kuwa akilala chali alipiga kelele na hakutaka watoto wamsikie. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba dawa ambayo ingemlaza ni unga unaochanganywa na maji mezani. Ndipo nilipoanza kufuatilia habari hizi.

Asilimia 15 zile hazikudumu. Kwanza, maana ya maneno ilitanuliwa. Katika miongozo ya Wamarekani, tiba shufaa ilihesabika kuanzia siku mtu anapimwa na kukutwa na virusi, hivyo vyandarua, dawa ya kuzuia nimonia na maji safi ya kunywa vyote viliingia katika fungu hilo. Vitu vyema, vilivyookoa watu. Lakini mtu aliyeandika ripoti kwamba amewafikia maelfu kwa tiba shufaa angeweza kuwa hajatuliza maumivu ya hata mmoja. Pili, dawa za kurefusha maisha zilifanya kazi. Wagonjwa wa UKIMWI wakainuka vitandani, na hilo ni jambo la kushukuru bila kusita, ila fedha zilikuwa zimeandikwa kwa jina lao. Mgonjwa wa saratani alikuwa amepanda gari la mwenzake, na mwenzake ameshuka. Mwaka 2008 sheria ilipofanyiwa mapitio, fungu la tiba shufaa halikuwepo tena. Mradi wa hospitali 13 ulifika mwisho wake mwaka 2011.

Magari hayakutoweka siku moja. Mradi ukiisha, kwanza yanakosa tairi. Wanaojitolea wanaendelea kutembea, kwa kuwa jirani hakuacha kuwa jirani. Muuguzi aliyefunzwa anahamishiwa wodi ya wazazi kwa kuwa kule kuna upungufu, na kwenye faili zake tiba shufaa inabaki cheti. Nikisoma ripoti za miradi hii naona neno uendelevu kila baada ya kurasa mbili, na sijaona hata moja iliyomuuliza mhasibu wa hospitali aliye na mshahara wa mtu huyo kuanzia mwezi wa kwanza baada ya mradi.

Kenya ilikuwa imejifunza kitu. Septemba 2010 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti kuhusu watoto wanaokufa kwa maumivu nchini humo. Ilisema hospitali 7 tu kati ya 250 hivi za serikali zilikuwa na mofini ya kunywa. Ilisema pia jambo ambalo mimi naliona la aibu zaidi: mofini ilikuwa katika orodha ya dawa muhimu ya taifa, na serikali haikuwa ikiinunua kwa ajili ya hospitali zake kama inavyonunua dawa nyingine za orodha hiyo. Ilikuwa muhimu kwenye karatasi. Mwezi mmoja kabla, Agosti, Wakenya walikuwa wamepata katiba mpya ambayo ibara yake ya 43 inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachofikika.

Chama cha hospisi na tiba shufaa cha Kenya, chini ya daktari Zipporah Ali, kiliamua kutofungua hospisi nyingine. Badala yake kilikwenda wizarani na kuomba hospitali. Zikachaguliwa 11, zile kubwa za mikoa. Fedha za kuanzia zilitoka nje, nyingi kwa mfuko wa kumbukumbu wa Binti Mfalme Diana, ambao nao ulikuwa umetangaza kwamba utafunga milango mwishoni mwa 2012. Naupenda uamuzi ule kwa ukavu wake. Mfadhili anayejua tarehe yake ya kufa ana adabu ya peke yake: hanunui majengo. Fedha zilikwenda kufundisha wauguzi na madaktari ambao tayari wako kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Hospitali ilitoa chumba. Wakati mwingine kilikuwa stoo iliyofagiliwa. Lakini stoo ile ilikuwa na nambari ya mlango katika hospitali ya serikali, na muuguzi wake alilipwa na serikali, na mfadhili alipoondoka wote wawili walibaki. Baadaye huduma ikasukumwa ngazi moja chini, kwenye hospitali za wilaya.

Halafu mwaka 2013 afya ikagatuliwa kwa kaunti 47, na waombezi waliokuwa wamezoea kwenda ofisi moja Nairobi wakajikuta wana ofisi 47. Katika kaunti moja waziri wa afya ni muuguzi wa zamani na mambo yanakwenda. Katika jirani yake, unga wa mofini haujaagizwa kwa mwaka mzima kwa kuwa aliyekuwa akiuagiza amestaafu. Hakuna atakayeandamana. Dawa ya kisukari ikikosekana, wagonjwa wana chama na wanarudi kila mwezi. Wanaohitaji mofini hawaishi vya kutosha kurudi kulalamika, na waliowauguza wako matangani.

Nje ya kanda yetu, mahali ninapopakumbuka kila nikifikiria fedha ni Kalikuti, ule mji wa Kerala ambao Vasco da Gama aliufikia mwaka 1498 kwa msaada wa rubani aliyempata Malindi. Mwaka 1993, mwaka ule ule wa ile nyumba ya Nsambya, madaktari wawili wa hospitali ya chuo huko, Rajagopal na Suresh Kumar, walianzisha kliniki ya maumivu ndani ya hospitali. Walichogundua ni kwamba kliniki inamwona anayeweza kufika. Hivyo miaka michache baadaye wakawapa raia kazi yenyewe: kuwatembelea wagonjwa, kuchanga, kuamua. Michango ilikuwa midogo mno, sarafu za kila mwezi kutoka kwa wenye maduka, wanafunzi na wafanyakazi wa vibarua. Mwaka 2008 serikali ya jimbo ikatunga sera, na halmashauri za vijiji zikaanza kuajiri muuguzi wa kutembelea majumbani. Mpangilio ni kinyume cha wetu. Kwetu mfadhili wa mbali alianza, wizara ikafuata, jamii ikaalikwa mwishoni kwenye warsha. Kwao sarafu zilitangulia, na mwanasiasa alipofika alikuta kitu ambacho wapiga kura wake tayari wanakiona ni chao.

Kuna watakaosema sisi tuna harambee, tuna michango ya misiba, tutafanya vivyo hivyo. Ni kweli tunachanga, na tunachanga sana, ila tazama lini. Kundi la WhatsApp la familia hufunguliwa mgonjwa akilazwa, hupata nguvu anapohitaji kupelekwa India, na hufikia kilele siku ya kununua jeneza. Kati ya India na jeneza kuna wiki au miezi ambayo hakuna anayejua achangie nini, kwa kuwa hakuna ankara. Muuguzi wa kutembelea nyumbani hatoi ankara inayotisha. Na bima zetu nazo zilijengwa kulipa kitanda, kipimo na kisu. Saa mbili za muuguzi kukaa mkekani na binti wa mgonjwa, akimfundisha kupima dawa kwa sindano isiyo na mdomo, zitaandikwa katika safu gani ya fomu?

Mei 2014 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi zote ziingize tiba shufaa katika mifumo yao ya afya. Miaka mitatu baadaye tume ya jarida la Lancet ilipiga hesabu: kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi za kipato cha chini zilipata tani 0.1. Rwanda ilikuwa na sera yake tangu 2011. Kenya ilitoa sera ya miaka 2021 hadi 2030. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na katika nchi zetu zote tatu wakuu wa hospitali walitumia wiki zile kuhesabu ni nani kati ya watumishi wao analipwa na nani.

Hesabu hiyo kwa tiba shufaa si ndefu. Unga wa mofini ni wa bei ndogo, kwa kuwa hauna hati miliki ya mtu yeyote. Kabati lenye kufuli mbili hununuliwa mara moja. Daftari la kuandika kila miligramu inayotoka, hali kadhalika. Kinachobaki ni mshahara wa muuguzi mmoja ambaye hahamishwi, saini yake kuruhusiwa kisheria, na petroli. Bajeti za kaunti na za halmashauri huchapishwa kila mwaka na ni nyaraka za umma, na nimejizoeza kuzifungua ukurasa wa afya na kutafuta vitu hivyo vitatu. Petroli haikosi. Huwa ni ya mikutano.